Kwa Nini Mikeka ya Rea Haikunjwi

Siku mliponiaga kazini mlinipa kitenge, mkanipa soda, mkanisomea hotuba yenye sifa ambazo hata mimi nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza. Halafu yule binti wa miwani, anayependa kukaa mstari wa mbele, akainua mkono. "Mama Zaina, kwa nini hapa rea mkeka ukitolewa nje kuoshwa, unabebwa na watu wawili, umefunguliwa wote, mpaka unakwaruza mlango? Si ungekunjwa tu?" Mkacheka. Nilimwambia nitamjibu siku nikipata kiti. Sasa nimekipata. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, chai iko mezani, na hakuna anayeniita kutoka kitanda cha dirishani. Sikilizeni basi, na mwenye simu aiweke mfukoni.

Rea, kwa yeyote atakayesoma haya bila kuwahi kufika kwetu Kasongo, ni chumba cha wagonjwa mahututi. Reanimasio, kwa jina lake lote. Wanafunzi wa uuguzi hukiogopa kabla ya staji, yaani mafunzo ya vitendo, na wakishamaliza staji hawana hadithi nyingine ya kusimulia. Mimi nilikiingia nikiwa msichana wa mjini, binti wa muuza vitambaa wa karibu na msikiti, bluzi yangu nyeupe imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Nimetoka humo nikiwa bibi wa watu. Hapo katikati nimefundisha wengi kuliko majina ninayoweza kushika, na baadhi yenu hata sura mlinisumbua, maana mlikuwa mnabadilisha nywele kila wiki.

Ninyi mna paneli za jua juu ya paa na mashine inayovuta hewa ya chumba ikatoa oksijeni. Mna kile kidude cha kubana kidole kinachowaambia damu ina hewa kiasi gani. Sikisemi vibaya, kimeokoa watu. Lakini mmoja wenu, nitamwita Saidi na mwenyewe anajijua, alikuja siku moja kunitangazia kuwa mgonjwa wake wa mapafu amepona. Namba zilikuwa safi kabisa. Nikaenda kutazama. Mgonjwa alikuwa amekuwa wa buluu midomoni, na kidude kilikuwa kwenye kidole cha bibi yake, aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda. Bibi alikuwa amekitamani. Alinieleza bila haya yoyote: "Nami nilitaka kujipima kidogo, dokta," maana kwetu yeyote mwenye bluzi nyeupe ni dokta. Bibi yule alikuwa na afya njema sana. Tulimshughulikia mjukuu, akapona kweli baada ya siku zake, na tangu hapo Saidi alianza kazi kwa kutazama kidole ni cha nani.

Mnaona nilivyotaja mkeka? Hapo ndipo penyewe. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Ana mtu wake wa kumlinda, garde-malade, mara nyingi mama au dada, na huyo hulala chini kwenye mkeka aliokuja nao kutoka nyumbani. Ndugu wengine hukaa nje, uwanjani, wanapika, wanafua, wanangoja habari. Wakati wa staji yangu madirisha ya rea yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe hadi juu, kwa hiyo wa nje hawakuona kitu. Waliutazama mlango tu.

Mkuu wa rea alikuwa Papa Selestini, Muzimba kwa kabila, mrefu, kutoka vijiji vya upande wa mto Lualaba, mwenye mikono laini na ulimi mkali. Hakupenda daftari zetu. Alikuwa akisema: "Ukifika kitandani, shika mguu kwanza. Mguu ukiwa baridi, mugonjwa amekwisha kukupa habari yake yote, hata salamu bado." Alitufundisha kuhesabu pumzi huku tumeshika kiganja cha mgonjwa tukijifanya tunahesabu mapigo, kwa sababu mtu akijua unahesabu pumzi zake huanza kupumua kwa adabu. Na alitufundisha shingo. Vidole viwili kando ya koo, pole pole, wala usibonyeze kama unatafuta embe lililoiva. "Mkono unaweza kukuficha," alisema, "shingo haifichi." Mtakaposahau yote niliyowafundisha, mkumbuke hilo la shingo, mnisamehe mengine.

Papa Selestini alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: ndani ya rea hakuna kilio. Vitanda vilikuwa vichache na vilikaribiana. Mmoja akifa na mama yake akapiga yowe, wale wengine watatu waliobaki walikata tamaa hapo hapo, na yeye aliapa kuwa amewahi kumpoteza mgonjwa kwa kilio cha jirani. Akapatana na watu wa uwanjani. Mtu akifariki, muuguzi atatoka kwanza na mkeka umekunjwa, ameushika kifuani. Haongei. Wa nje wakiuona wataelewa, watasogea hadi kwenye miti ya mbali, watalia huko wanavyotaka. Halafu ndipo mama wa marehemu atatolewa, apokelewe na watu wake.

Mpango ule ulishika. Mgeni aliyefika leo kutoka kijijini, kesho asubuhi alikuwa anaujua, kwa sababu wanawake wa uwanjani walimwambia kabla hawajamwonyesha hata kisima. Sisi wanafunzi tuliambiwa siku yetu ya kwanza. Wote, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni Mwamini. Alitoka Salamabila, kule kwenye machimbo ya dhahabu, na alichelewa kufika staji kwa sababu mvua ilikuwa imekula barabara. Alipofika, maelezo yalikuwa yamekwisha na kila mtu alidhani mwenzake amemwambia. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mcheshi, na alikuwa na ugonjwa wa usafi. Nisameheni, lakini ndivyo ulivyokuwa. Alikuwa anaosha hata ndoo za kuoshea. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya soko, na kila asubuhi nilikuta viatu vyangu vimeoshwa bila kuomba. Nilimpenda kuanzia wiki ya kwanza na bado nampenda.

Basi asubuhi moja akaletwa Sifa. Mwanamke kijana wa kijiji cha Wamaza, mtoto wake wa kwanza, alijifungulia kijijini na damu haikukoma. Lori la mfanyabiashara lilimchukua barabarani pamoja na mama yake, Bibi Anjelina, na kichanga kilichokuwa na afya na hasira. Kaka yake, Kalonda, alifuata nyuma kwa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, akafika amejaa vumbi jekundu mpaka kope. Kwenye jengo la wazazi walifanikiwa kuizuia damu. Lakini iliyokwisha kutoka ilikuwa imetoka. Sifa aliletwa rea hana fahamu, kucha nyeupe, miguu baridi. Papa Selestini aliishika miguu ile, akaacha kutania. "Huyu akikosa damu," alisema, "haoni jioni."

Wakati ule hakukuwa na damu iliyohifadhiwa. Damu ilikuwa ni ndugu. Tuliwapima wote waliokuwa uwanjani, na sisi wenyewe tukajipima, mimi na Mwamini na hata mpishi wa hospitali. Sifa alikuwa na lile kundi gumu, adimu, ambalo halikubali la mtu mwingine. Wa mwisho kupimwa alikuwa Kalonda, kwa sababu alikuwa amejificha nyuma ya jiko. Msimcheke. Watu wengi waliamini kuwa mwanaume akitoa damu, nguvu zake hazirudi. Nilimtoa huko mimi mwenyewe, nikampeleka labo, yaani maabara, kwa mkono kama mtoto wa shule. Damu yake ikakubali. Mtu wa labo alimtazama, akaona tumbo halina kitu tangu jana, akamwambia: "Nenda ule bugali kwanza, halafu urudi hapa. Usipotee." Kalonda alikwenda uwanjani kwa shangazi zake, wakampakulia. Mimi nikabaki labo kusaidia kuandaa chupa na mirija.

Sasa njooni rea. Bibi Anjelina alikuwa ameitwa jengo la wazazi kukituliza kichanga, maana kilikuwa kinalia njaa. Papa Selestini alikuwa ameitwa kwenye chumba cha upasuaji. Mwamini alikuwa ameachwa na Sifa na wagonjwa wengine wawili. Akaona mkeka wa Bibi Anjelina una damu. Damu ya binti, imekauka, na nzi wameanza kuijua. Mwamini alijiambia kuwa yule mama akirudi asikute damu ya mtoto wake mahali pa kulala. Mnaona, alikuwa na huruma, si uzembe. Alimwambia mfanya usafi amtazamie wagonjwa kwa dakika chache. Akaukunja mkeka vizuri, akaukumbatia kifuani usiburuze sakafuni, akatoka nao mlangoni.

Uwanja wote ulisimama.

Mwamini hakuelewa kitu. Alipita katikati ya watu, akauweka mkeka kwenye majani, akaanza kutafuta maji. Nyuma yake shangazi wa Sifa alipiga yowe moja, wengine wakapokea. Mwamini akageuka, akaona wanawake wameshika vichwa, akafikiri kuna mtu amefariki jengo lingine. Roho ikamuuma. Akaenda kwa yule shangazi, akamshika mabega, akamwambia kwa upole wote aliokuwa nao: "Poleni, mama. Poleni sana."

Hapo habari ikawa imetiwa muhuri. Nani tena angeuliza? Dokta ametoka na mkeka, dokta ametoa pole.

Nilisikia kilio nikiwa labo, nikakimbia. Nilipofika uwanjani nilimkuta Mwamini amesimama na ndoo mkononi, mdomo wazi, kwa sababu mtu alikuwa amekwisha kumtajia jina la marehemu. "Zaina," aliniambia, "wanamlilia Sifa. Sifa nimemwacha sasa hivi, iko na pumua." Niliuona mkeka miguuni pake, nikaelewa yote kwa pamoja, na miguu yangu mwenyewe ikawa baridi. Nikatazama mahali pa Kalonda. Sahani ya bugali ilikuwepo, mboga ya sombe ilikuwepo, tonge moja limeumwa. Kalonda hakuwepo, na kinga yake haikuwepo. Mjomba mmoja alinionyesha barabara ya Kabambare, ya kwenda kwao, kwa kidevu. "Amekwenda kuambia kijiji," alisema. "Wachimbe."

Kwa hiyo damu ya Sifa, damu pekee iliyokuwepo Kasongo nzima kwa ajili yake, ilikuwa imepanda kinga na inakwenda Wamaza kuchimbisha kaburi lake.

Papa Selestini alitoka chumba cha upasuaji akiwa bado na kofia yake. Tulimweleza. Nilingoja ulimi wake mkali na sikuupata. Alimchukua Mwamini kwa kiwiko mpaka kitandani kwa Sifa, akavishika vidole vyake viwili, akaviweka mwenyewe kando ya koo la mgonjwa. "Unasikia?" Mwamini alitikisa kichwa kukubali, machozi yanamtiririka. "Ndani ya rea hatulii. Ubaki hapa. Usitoe vidole mpaka nirudi. Ikipotea, muite dokta wa upasuaji. Isipopotea, umwambie kila mutu anayeingia kwamba iko na piga." Halafu akanigeukia. "Weye unajua sura ya huyo kijana. Panda."

Pikipiki ilikuwa ile ya watu wa chanjo, akaiendesha mwenyewe; tukipita uwanjani nilipiga kelele kuwa Sifa yu hai, kilio kikanimeza. Sikuwahi kupanda pikipiki maishani, na baba yangu angeniona mchana kweupe nimemshika mwanaume kiuno angefunga duka. Nilimshika. Tulitoka mjini, tukapita mashamba ya mihogo, na kila tulipokuta watu tuliwauliza kama wamemwona mtu wa kinga. Walimwona. Zaidi ya hayo walikuwa wamemsikia. Kalonda alikuwa anatangaza msiba njia nzima bila kushuka: dada yangu Sifa amekufa, mwambieni fulani, mwambieni fulani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mihogo alitupa pole sisi wenyewe. Papa Selestini alimjibu asante, sijui kwa nini.

Tulimpata baada ya daraja la miti, anasukuma kinga kwenye mchanga, analia kwa sauti. Alipotuona aliongeza mwendo. Tukampita, tukasimama mbele yake.

"Geuka," nilimwambia. "Dada yako hakufa."

"Munanifuata ya nini?" alisema. "Mutu amekufa, damu yangu ya kazi gani tena?"

"Iko na pumua, Kalonda. Nakuapia."

"Mukeka niliuona na macho yangu. Ulitoka umekunjwa. Hata munganga alitoa pole." Alijifuta uso kwa mkono. "Nyinyi watu wa hospitali munasemaka vizuri mbele ya habari mbaya. Munataka nirudi pole pole, munikalishe kwenye kiti, halafu muniambie. Hapana. Nimekwisha kusikia. Niache niende kwa baba."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi juu ya kundi la damu, na hakuna hata moja lililofaa. Kijana hakuwa mjinga. Alikuwa ameusoma mkeka kama alivyofundishwa kuusoma. Papa Selestini alizima pikipiki. Akavua ile kofia.

"Mukeka ule," alisema, "mimi ndiye niliyeupa kazi ya kusema. Hakuna mwingine. Niliwaambia watu wa uwanja, mukeka ukitoka umekunjwa muamini. Leo umetoka kwa kuoshwa, na mutoto aliyeutoa alikuwa hajaambiwa. Mukeka umedanganya. Na mimi ndiye mwenye mukeka. Basi nitazame mimi. Twende pamoja. Ukikuta dada yako amekufa, nitabeba maiti yake pamoja nawe mpaka Wamaza kwa miguu yangu, mbele ya baba yako."

Kalonda alimtazama. Sijawahi kuona mtu akipima mwingine vile, na nimepima watu maisha yangu yote. Kisha akaniachia mimi usukani wa kinga, akapanda nyuma ya pikipiki, wakaondoka.

Ndiyo, wanangu. Waliniacha. Pikipiki inabeba wawili. Nilibaki na kinga ya kiume kwenye mchanga wa njia ya Kabambare, nimevaa bluzi nyeupe, na kuendesha sijui. Niliisukuma mpaka Kasongo. Ilikuwa na pedali iliyonipiga goti kila hatua, na hili goti ninalolilalamikia leo, mimi ninaamini lilianza kuumia siku ile. Watoto walinifuata. Wazee wawili chini ya kibanda cha mafuta ya ngazi, yaani mawese, walinitania: "Dokta, ni kinga inakubeba ao weye unabeba kinga?" Nilitaka kucheka nikashindwa. Ningekuwa na dawa moja ya kuwapa wanafunzi wa rea, ningewapa mwendo ule: kutembea huku hujui mgonjwa wako yuko upande gani. Nilikuwa nahesabu njia nzima: sasa wamefika, sasa wanamtoa damu, sasa chupa imetundikwa. Halafu nahesabu kinyume: sasa Mwamini hasikii kitu kwenye vidole.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipoingia uwanjani. Kimya. Sikumtazama mtu usoni. Niliutazama mlango, kama wao walivyozoea kuutazama.

Mlangoni palikuwa na Bibi Anjelina na shangazi, kila mmoja ameshika pembe mbili za mkeka. Ulikuwa umeoshwa, bado unadondosha maji. Walikuwa wameuvuta wazi, umetanuka wote kama shuka, na haupiti mlangoni, wanahangaika kuuinamisha huku na huku. Walikuwa wanauingiza ndani. Niliiachia kinga ikaanguka chini, nikakaa kwenye ngazi, nikalia pale pale, nje, mahali panaporuhusiwa.

Shangazi ndiye aliyeniambia jinsi Bibi Anjelina alivyorudi kutoka jengo la wazazi na kukuta watu wake wanamlilia binti yake, akakaa chini na kukataa kuingia. Mwamini hakuweza kutoka kumfuata, vidole vilikuwa kazini. Alimwita kutoka ndani, mara nyingi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake kula: "Mama, njoo ushike. Mama, njoo ushike mwenyewe." Mwishowe yule mama aliingia. Mwamini akamwekea kidole shingoni kwa binti yake, kando ya vyake. Wakakaa hivyo wawili mpaka pikipiki iliposikika.

Nilipoingia, damu ya Kalonda ilikuwa inashuka kwenye mrija, tone kwa tone, na mwenyewe amelala kwenye benchi anakula ndizi, ameshajiona shujaa. Mwamini alikuwa bado amesimama. Papa Selestini alikuwa amekwisha kumwambia aondoe mkono, na yeye hakuwa amesikia. Niliuondoa mimi. Vidole vilikuwa vimekakamaa na nikavisugua mpaka vikanyooka.

Sifa alifumbua macho kesho yake. Alitaka maji, halafu akataka mtoto, halafu akauliza kwa nini watu wote wanamtazama. Maana walikuwa wanafika. Mlidhani msiba wa Kalonda uliishia darajani? Kila kijiji cha njia ile kilikuwa kimesikia. Walikuja kwa miguu na kwa kinga, na unga, na kuku, na nyuso za msiba, wakamkuta marehemu anakunywa uji. Kuku hawakurudi nyumbani, hilo nawahakikishia, na wapishi wa uwanjani walisema hawajawahi kuona matanga mazuri vile. Mume wake alifika na kitambaa cheupe alichonunua njiani kwa kumzikia. Alisimama nacho mlangoni, hajui akiweke wapi. Bibi Anjelina alikichukua bila neno, akakichana vipande vipande, vikawa nepi za mtoto.

Mwamini alikuwa amekunja bluzi yake na kuiweka kwenye kitanda changu. Aliniambia anarudi Salamabila kuuza nguo na mama yake, kazi ambayo ukikosea mtu hanunui tu. Nilibishana naye nikashindwa, kwa hiyo nilikwenda kumshtaki kwa Papa Selestini. Alikuja mpaka chumba chetu cha nyuma ya soko, akasimama nje kwa heshima, akamwita. "Mwamini, sheria ilikuwa yangu, na kuisema ilikuwa kazi yangu. Kesho uje mapema, nataka ufundishe wenzako shingo. Weye sasa unaijua kuliko wao." Akaondoka. Mwamini aliichukua bluzi kitandani na, kwa kuwa ni Mwamini, akaifua kwanza.

Na tangu siku ile, binti wa miwani, mkeka wa rea unaokwenda kuoshwa hubebwa na wawili, wazi, hata ukikwaruza mlango. Uliokunjwa una kazi moja tu. Madirisha yenu siku hizi hayana rangi, na kila mtu ana simu, kwa hiyo mtasema hakuna haja. Inawezekana. Hilo nawaachia ninyi. Nataka tu mjue mnachokiacha, mkikiacha.

Mwamini alifanya kazi Salamabila mpaka uzee. Amewashika shingo wachimbaji waliofukiwa, wazazi, watoto, na nadhani hakuna mtu kule ambaye hajaoshewa kitu naye. Mwezi uliopita nilipanda pikipiki kwenda kumtembelea, nimemshika kijana wa watu kiuno bila aibu yoyote. Tulikaa uani kwake, tukanywa chai, tukacheka juu ya Kalonda na tonge lake. Nikamwambia lililokuwa moyoni. Nilimwambia: "Mwamini, siku yangu ikifika, nataka uwe wewe. Uje Kasongo, uniwekee vidole shingoni, uhakikishe vizuri, halafu utoe mkeka wangu."

Alizungusha kikombe mkononi, akakiona kina alama, akakifuta kwa kitenge chake.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nitautoa wazi, Zaina. Wangoje kidogo kulia."